Elimu ya Bahari na Nyota kwa Wazee wa Kimaori

Kaskazini mwa jiji la Auckland, nchi ya Nyuzilandi hurefuka na kuwa rasi nyembamba yenye Bahari ya Pasifiki upande mmoja na Bahari ya Tasman upande wa pili, na rasi hiyo, ambayo Wamaori huiita Te Tai Tokerau, ndiko msafiri anakoweza kuona kwa karibu namna elimu ya kale ya kuvuka bahari ilivyorejeshwa kwa vijana na wazee ambao wao wenyewe hawakuipokea kutoka kwa baba zao. Mzee wa namna hiyo huitwa kaumātua, na cheo hicho hubeba umri pamoja na heshima ya kusema kwa niaba ya ukoo, ilhali mjuzi aliyebobea katika fani fulani, iwe uchongaji, tiba, nasaba au nyota, huitwa tohunga. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, lakini si kila mwenye mvi ni mjuzi, wala umri peke yake haumpi mtu ruhusa ya kufundisha. Suala la ruhusa ndilo linaloipa safari ya kaskazini uzito wake. Kwa karne nyingi elimu ya Wamaori ilifungamana na nasaba, whakapapa kwa lugha yao, na kila ujuzi ulikuwa na watu waliostahili kupewa na wengine waliozuiwa. Uliponusurika katika karne ya 20, ulinusurika kwa kuwa wazee wachache walithubutu kulegeza sharti la nani afundishwe, huku wakilishikilia kwa nguvu zote sharti la namna ya kumfundisha.

Atokaye Auckland kwa gari hupita Whangārei na Kawakawa kabla ya kuteremkia Waitangi, mahali ambapo tarehe 6 Februari 1840 machifu wa Kimaori walitia saini mkataba na mwakilishi wa Malkia wa Uingereza. Wageni wengi huja kuitazama nyumba ya mkataba na uwanja wake mpana, lakini anayefuatilia habari za vyombo vya majini hana budi kuteremka hadi karibu na ufuko, penye banda lililohifadhi Ngā Tokimatawhaorua, mtumbwi wa vita, au waka taua, wenye urefu wa mita 35.7. Ulichongwa kutokana na miti mitatu ya kauri, mti mnyoofu wenye shina nene unaomea kiasili katika sehemu za kaskazini mwa nchi hiyo, kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 100 ya mkataba mwaka 1940, na aliyeihimiza kazi hiyo alikuwa Te Puea Hērangi, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Waikato. Baada ya sherehe hizo mtumbwi uliwekwa nchi kavu na kukaa huko hadi mwaka 1974, ulipokarabatiwa na kushushwa tena majini. Chombo hicho hakiendi salama bila wapiga makasia wapatao 76, na mbao zake zikishiba maji uzito huongezeka karibu maradufu, kwa hiyo kila kafi lazima lizame na kutoka kwa mwito mmoja wa kiongozi asimamaye katikati, anayeitwa kaihautū. Ubao wa kauri unaweza kukaa bandani miaka zaidi ya 30 bila kuoza. Kikosi cha wapiga makasia hakihifadhiki hivyo, na kila mwezi unaopita bila mtu kuitwa, kuketi na kushika kafi, miito husahaulika, mpangilio wa kuketi chomboni hupotea, na anayejua kumsahihisha mwingine huzidi kuzeeka.

Kilichosahauliwa zaidi kilikuwa safari za mbali. Mababu wa Wamaori walifika Aotearoa, jina la nchi hiyo kwa Kimaori, katika karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14, wakitoka visiwa vya Polinesia ya mashariki kwa vyombo vya matanga vyenye magogo mawili yaliyounganishwa kwa boriti, vinavyoitwa waka hourua. Nchi waliyoikuta ilikuwa kubwa mno kuliko visiwa walivyotoka, yenye misitu, mito na ndege wakubwa wasioruka, na baada ya vizazi vichache haja ya kurudi ilikwisha; majina ya vyombo yakabaki katika nasaba na masimulizi, lakini mkono uliojua kuvijenga na jicho lililojua kuviongoza havikubaki. Kisha ukaja utawala wa kikoloni. Sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 ilifungua njia ya Kiingereza kutawala darasani, na watoto wengi walichapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Sheria ya mwaka 1907 dhidi ya matohunga, iliyokuja kufutwa mwaka 1962 tu, iliwaweka wajuzi wa jadi katika hatari ya kushtakiwa, na hata pale ambapo hawakushtakiwa iliwafundisha watoto wao kuwaonea haya. Pigo la mwisho lilitoka kwa wasomi: mwaka 1956 mwanahistoria Andrew Sharp alichapisha kitabu kilichodai kwamba watu wa Polinesia hawakuwa na uwezo wa kuongoza vyombo kwa makusudi hadi visiwa vya mbali, ila walisukumwa huko na upepo na mikondo. Kwa mzee aliyekuwa bado anawatajia wajukuu wake jina la chombo kilichomleta babu yao wa kwanza, dai hilo lilikuwa sawa na kuambiwa kwamba nasaba yake imeanza kwa ajali.

Jibu lilitoka mbali, katika kisiwa kidogo cha Satawal huko Mikronesia, ambako elimu ya uongozaji wa vyombo ilikuwa bado hai. Mau Piailug, aliyezaliwa huko mwaka 1932, alianza kufundishwa na babu yake akiwa mtoto mdogo sana, akiwekwa kwenye madimbwi ya maji ya bahari ili mwili wake uzoee mwendo wa mawimbi kabla akili yake haijaweza kuueleza. Kwa desturi ya kwao elimu hiyo haikuwa ya kumpa mgeni. Hata hivyo mwaka 1976 alikubali kukiongoza Hōkūleʻa, chombo cha magogo mawili kilichojengwa na Wahawaii, kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala chombo chochote cha kupimia, na baadaye akamfundisha kijana wa Kihawaii, Nainoa Thompson. Wapo watu wa kwao waliomlaumu kwa kuitoa siri ya ukoo. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana wa visiwani mwake walikuwa wakiiacha elimu hiyo, na ikiwa wengine wataishika, watoto wa Satawal watapata mahali pa kuijia tena siku watakapoihitaji. Ni hoja ya mtu aliyekwisha kukiona kifo cha elimu yake na akakataa kuzikwa nayo.

Desemba 1985 Hōkūleʻa kilifika Waitangi, kikiongozwa na Thompson. Kabla ya safari hiyo Thompson alikuwa amekuja Nyuzilandi kuisoma anga ya kusini, kwa sababu nyota ya kaskazini, ambayo baharia wa Hawaii huitegemea, huzama chini ya upeo wa macho mara tu chombo kinapovuka ikweta, na mmoja wa wenyeji waliompokea alikuwa Hekenukumai Busby, mtu wa makabila ya Te Rarawa na Ngāti Kahu, aliyezaliwa mwaka 1932 na ambaye kazi yake ilikuwa ujenzi wa madaraja. Katika mapokezi ya Waitangi Sir James Hēnare, kaumātua mkubwa wa kaskazini na kamanda wa mwisho wa kikosi cha Wamaori katika Vita Kuu ya Pili, alitamka kwamba kwa kuwa wageni wamethibitisha kwa safari yao kile ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, makabila matano ya Tai Tokerau yamepata kabila la sita. Mtu asiyezijua desturi za Kimaori anaweza kuyachukua maneno hayo kuwa ukarimu wa siku ya sherehe, lakini yalikuwa tendo la kinasaba: kwa kuwaingiza wageni katika ukoo, mzee huyo aliifungua njia halali ya elimu kupita, maana aliye wa ukoo anaweza kupewa na anaweza kutoa.

Busby alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alipoanza kujifunza. Jambo hilo linafaa kukaziwa, kwa sababu picha iliyozoeleka ya mzee wa jadi ni ya mtu aliyejaa elimu tangu utotoni na ambaye kazi yake ni kumimina tu; huyu alikuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja, na aliyemfundisha alikuwa mdogo kwake kwa umri. Ujuzi wa madaraja haukupotea bure, kwani ajuaye jinsi boriti ndefu inavyobeba mzigo bila kukatika ameshaijua nusu ya siri ya chombo cha magogo mawili. Chombo chake cha kwanza cha safari za mbali, Te Aurere, kilijengwa kutokana na miti miwili ya kauri na kushushwa majini mwaka 1992, na mwaka huohuo kikasafiri hadi Rarotonga. Mwaka 1995 kilifika Hawaii kupitia visiwa vya Polinesia ya mashariki. Katika maisha yake Busby alichonga na kujenga zaidi ya mitumbwi 20, na kila mmoja ulianzia msituni, kwa dua iitwayo karakia inayosomwa kwa Tāne, mwenye misitu, kabla shoka halijagusa shina, maana mti huhesabiwa kuwa mtoto wa Tāne na kuuangusha bila kibali chake ni kuvunja tapu, yaani mwiko unaokilinda kitu kitakatifu. Boriti zinazounganisha magogo mawili hufungwa kwa kamba, zikizungushwa na kukazwa zamu kwa zamu hadi fundo zima linakuwa gumu kama ubao, kwa sababu chombo kilichokazwa kwa misumari hupasuka kinapopindwa na mawimbi mawili yanayokuja kwa nyakati tofauti, lakini kilichofungwa kwa kamba hujinyosha na kurudi mahali pake. Mwanafunzi anayefunga boriti hiyo hujifunza kwa viganja vyake ni nguvu ngapi zinatosha, na hakuna maandishi yanayoweza kumwambia.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki si mgeni kabisa wa habari hizi. Wamaori ni tawi la mbali la watu wasemao lugha za Kiaustronesia, na tawi jingine la watu haohao ndilo lililovuka Bahari ya Hindi na kufika Madagascar. Wataalamu wa historia ya vyombo huihusisha ngalawa, yenye matengo yake mawili ya kuizuia isipinduke, na ujio huo. Mvuvi wa Unguja au Mafia anapolikaza tengo la ngalawa yake kwa kamba anashika kazi ya mikono iliyo na undugu wa kweli, ingawa wa mbali sana, na kazi ya Aurere, nyumbani kwa Busby.

Aurere yenyewe iko kaskazini zaidi ya Waitangi, katika ghuba ambayo Wamaori huiita Tokerau na ramani huiita Doubtless Bay. Barabara hupita Mangonui na Taipa, mahali ambapo wenyeji husimulia kwamba alitua Kupe, baharia ambaye masimulizi mengi ya Kimaori humtaja kuwa ndiye aliyeigundua nchi, na baada ya hapo shamba la Busby linakuwa karibu. Huko, juu ya mahali panapoitazama bahari, mzee huyo alisimamisha duara la nguzo 32 za mbao zilizochongwa, linaloitwa kāpehu whetū, yaani dira ya nyota. Asimamaye katikati ya duara huona upeo wa macho umegawanywa sehemu 32, kila moja ikiwa na nguzo yake na kuitwa nyumba, kwa maana kwamba nyota ina nyumba inamochomozea mashariki na nyumba inayoielekea upande wa magharibi inamotulia. Tautoru, yaani nyota tatu zilizojipanga mstari katikati ya kundi la Orion, huchomoza karibu kabisa na mashariki halisi na kutua karibu kabisa na magharibi halisi, baharia awe kaskazini au kusini mwa ikweta. Rehua, nyota nyekundu ya majira ya joto ambayo wanaastronomia huiita Antares, huchomoza kusini-mashariki na kutua kusini-magharibi. Nyota hufaa kuongozea ikiwa chini tu, karibu na maji, kwa hiyo ikishapanda kiongozi huiacha na kuishika nyingine inayochomoza katika nyumba ileile, na katika usiku mmoja hupokezana nyota nyingi kwa mwelekeo mmoja. Ndiyo maana mwanafunzi hatakiwi kuijua nyota moja moja, ila aujue msafara mzima wa nyota za kila nyumba, ili wingu likiifunika hii aweze kukisia mahali ilipo kwa kuiona ile.

Usiku ni nusu tu ya kazi. Mchana kiongozi hulitazama jua linapochomoza na linapotua, na saa zinazobaki hutegemea mawimbi makubwa yatokayo mbali, ambayo hushika mwelekeo wake kwa siku kadhaa hata upepo wa karibu ukibadilika. Mawimbi mawili au matatu ya namna hiyo hupishana chini ya chombo, na kiongozi huyatambua kwa jinsi gogo moja linavyoinuka kabla ya jingine na jinsi chombo kinavyojipinda kinapoteremka, jambo linalohisiwa zaidi na mtu aliyelala sakafuni kuliko aliyesimama akitazama. Kisiwa chenyewe hakitafutwi kama sindano: ndege wa baharini watokao nchi kavu asubuhi na kurudi jioni hukipanua kwa makumi ya maili, na ajuaye ni ndege gani hulala nchi kavu humfuata jioni. Hapa ndipo inapoonekana sababu ya wazee kulikataa jambo moja hata baada ya kukubali mengi. Walikubali mwanafunzi awe wa kabila lolote, walikubali ramani na vitabu vitumike ufukweni, lakini hawakukubali kwamba mtu aitwe kiongozi wa chombo kabla hajakaa baharini na mwalimu wake.

Msimamo huo una mizizi katika whare wānanga, nyumba za mafunzo za zamani, ambamo nasaba na dua zilifundishwa kwa kusikiliza na kukariri, na kosa katika kutamka lilihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa msemaji na kwa jamaa zake. Mgeni anayekaribishwa kwenye marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wenye nyumba iliyochongwa sura za mababu, bado anaweza kuuona mfumo huo ukifanya kazi. Mwito wa kwanza, karanga, hutolewa na mwanamke, mara nyingi mzee, na sauti yake huwataja wafu wa pande zote mbili kabla ya walio hai kusogea. Hotuba hufuata kutoka kwenye benchi la wazungumzaji, na katika kaskazini wenyeji humaliza hotuba zao zote kwanza ndipo wageni wajibu. Vijana huketi nyuma. Hawaandiki kitu na hawaulizi maswali, na aliyetayarishwa kupokea nafasi ya mzee huwa amezisikia hotuba hizo miaka mingi kabla ya siku ya kusimama.

Bila lugha, hata hivyo, kuketi nyuma hakumsaidii mtu. Kufikia miaka ya 1970 waliosema Kimaori kwa ufasaha walikuwa wachache, wengi wao wazee, huku wajukuu wakikua na Kiingereza peke yake. Mwaka 1982 ilifunguliwa huko Wainuiomata, karibu na Wellington, kōhanga reo ya kwanza, yaani kiota cha lugha, ambamo watoto wasiofikia umri wa shule hulelewa kutwa nzima kwa Kimaori na bibi na babu, na katika miaka michache viota vya namna hiyo vilienea nchini kwa mamia. Kizazi cha kati, kilichonyang'anywa lugha shuleni, kilirukwa kwa makusudi. Kwa mtazamo wa haki huo ni msiba mkubwa, maana wazazi waliwapeleka watoto wao kwenye chemchemi ambayo wao wenyewe walikuwa wamezuiwa kuinywa, na ni vigumu kuusoma uamuzi wao bila kuuheshimu. Mwaka 1987 Kimaori kilitangazwa kuwa lugha rasmi.

Kisa cha familia ya Rangi Mātāmua, mwanaastronomia wa kabila la Tūhoe, kinaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Mababu zake wawili, Te Kōkau na mwanawe Rāwiri, waliandika kati ya mwaka 1898 na 1933 kwa mkono kitabu chenye kurasa 400, kilichotaja nyota karibu 1,000 na makundi ya nyota 103, katika miaka ileile ambayo sheria iliwaandama wajuzi wa namna yao. Kitabu hicho kilikaa kabatini kwa babu yake Mātāmua hadi mjukuu alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na kuja kumwuliza mzee habari za Matariki, yaani Kilimia, nyota ambazo kuonekana kwake alfajiri katikati ya baridi ya kusini huufungua mwaka wa Kimaori, kama ambavyo kwa wakulima wengi wa Afrika Mashariki Kilimia kimekuwa alama ya msimu wa kulima. Mzee alilifungua kabati, akamkabidhi kitabu, na akamtaka aieneze elimu hiyo badala ya kuificha. Tangu hapo Mātāmua ameifundisha hadharani, na tarehe 24 Juni 2022 Matariki iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kama sikukuu ya kitaifa, pamoja na ibada ya mapambazuko ambamo majina ya waliofariki mwaka huo hutajwa na mvuke wa chakula huinuliwa kwa nyota.

Wafumaji walikuwa wametangulia. Katika miaka ya 1950 Rangimārie Hetet wa Te Kūiti, aliyeishi kutoka mwaka 1892 hadi 1995, pamoja na binti yake Diggeress Te Kanawa, walianza kuwafundisha wanawake wa makabila mengine kufuma majoho, ingawa kazi hiyo ilikuwa ikirithishwa ndani ya familia na wapo waliowapinga. Ruhusa waliitoa, masharti ya harakeke, mmea wenye majani marefu unaotoa nyuzi, hawakuyatoa. Jani changa la katikati huitwa mtoto, mawili yanayolikumbatia huitwa wazazi, na kisu hukata ya nje tu, ambayo ni mababu. Hayakatwi usiku wala wakati wa mvua.

Kufungua huko kumezaa maswali magumu, kwa sababu elimu iliyotoka ndani ya ukoo inaweza kuchukuliwa na mtu yeyote na kuuzwa. Mwaka 1991 Wamaori sita, miongoni mwao mzee Saana Murray wa Ngāti Kurī, kabila la ncha ya kaskazini kabisa, walifungua kwenye Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori kuhusu mkataba, madai yaliyokuja kujulikana kwa namba yake, 262, wakitaka mimea, wanyama na elimu ya jadi vilindwe chini ya mkataba wa 1840. Ripoti ilitolewa mwaka 2011, miaka 20 baadaye, wakati wengi wa waliofungua madai hayo walikuwa wamekwisha kufariki. Ucheleweshaji huo unaumiza hasa kwa kuwa elimu yenyewe ilikuwa vichwani mwa watu wa umri huo.

Agosti 2012 vyombo viwili vya Busby, Te Aurere na Ngahiraka Mai Tawhiti, viliondoka Auckland kuelekea Rapa Nui, kona ya mashariki ya pembetatu ya Polinesia, na kuifikia Desemba mwaka huo, vikiongozwa na Jack Thatcher, mwanafunzi wa Busby kutoka Tauranga. Vilirejea Aurere Mei 2013. Busby alikuwa na miaka 80 na alibaki nchi kavu. Alipewa cheo cha Sir mwaka 2018, akatunukiwa rasmi Waitangi Februari 2019, na kufariki tarehe 11 Mei mwaka huo. Mafunzo ya Aurere yanaendelea katika kituo chenye jina lake na la Kupe, na Thatcher naye ana wanafunzi wake, wa kike na wa kiume.